Keki ya chokoleti ya maharage: mwanangu kasema inanuka makande. Nakosea wapi?

MamaZawadi (Tabata)

Habari zenu wanajamvi. Nina shida ya jikoni. Mkitaka kucheka chekeni, ila mkimaliza mnijibu.

Zawadi wangu anatimiza miaka 7 mwezi ujao. Ana mzio wa mayai tangu mdogo. Akilamba tu keki ya mtu, midomo inavimba na usiku hatulali. Maziwa nayo yanamvuruga tumbo. Kwa hiyo kila sherehe ya wenzake namfungia ndizi mbivu na karanga kwenye kikopo, anakaa anakula huku anawaangalia wenzake wanavyopakana krimu puani. Mwaka huu kaniambia wazi, "Mama, na mimi nataka keki ya kahawia." Keki ya kahawia kwake ndiyo ya chokoleti.

Basi nikaona video ya dada mmoja wa Marekani anasaga maharage meusi na kokoa, hakuna unga wa ngano, hakuna yai, hakuna maziwa. Akaoka, akakata vipande vya mraba vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Nikasema hee, maharage si ndiyo kila siku yako hapa kwangu?

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumapili. Nilikuwa na maharage mekundu ya Kigoma jikoni, yameiva, bado sijayaunga. Nikachota vikombe 2, nikachuja, nikasaga na sukari na vijiko 2 vya kokoa, nikaoka kwenye sufuria, mkaa chini na juu. Harufu ilitoka nzuri mpaka jirani akauliza naoka nini. Nilichosahau ni kwamba wakati yanachemka nilishatumbukiza nusu kitunguu na karoti, mazoea ya mkono. Zawadi akauma, akatafuna taratibu, akanitazama kwa huruma. "Mama, hii chokoleti inanuka makande." Baba yake akachukua kipande akauliza kama kuna wali wa kusindikizia.

Jaribio la pili nikachemsha maharage peke yake. Gesi ilikuwa ukingoni, nikatia magadi kidogo yaive haraka. Yakaiva mpaka yakapasuka. Keki ikatoka nyeusi tii, inavutia macho, lakini mdomoni ni sabuni kabisa, na katikati uji. Nilitaka kuwamwagia kuku wa jirani, nikaona aibu kuulizwa ni nini.

Nina blenda ya kawaida ya juisi, jiko la gesi la mafiga mawili na jiko la mkaa. Oveni sina. Nisaidieni: maharage gani, harufu naiondoaje, na bila yai kitu gani kinaishikisha? Na sukari nitumie ipi, maana nilitaka kiwe kitu cha afya kidogo.

MzeeWaUgali

Mungu aliyaumba maharage yakutane na ugali. Dada, umeyachumbia kwingine, yanakukataa.

MpishiUru (Moshi)

Mama Zawadi, pole na hongera. Mimi naoka hapa Moshi mjini, na Kwaresima ndiyo msimu wangu wa keki zisizo na yai wala maziwa. Hayo makosa yako yote nimeshayafanya, tena kwa keki zilizokwisha kulipiwa.

Tuanze na sabuni. Hiyo ni magadi. Kokoa ya kawaida ina uchachu wake, na uchachu huo ndio unaoipa chokoleti uhai. Magadi yanaula, rangi inakuwa kama lami na ulimi unabaki na sabuni. Viwandani wanafanya kitu cha aina hiyo makusudi, tangu enzi za Mholanzi Van Houten karne ya 19, lakini wale wanapima. Wewe ulibana magadi kwa vidole ukiwa na haraka. Maharage ya keki hayaguswi na magadi. Kama gesi inakukimbia, loweka usiku kucha kwa muda wa saa 10 hadi 12, yale maji mwaga, kisha chemsha kwa maji mapya kwenye mkaa. Na uwe na maharage ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani miaka miwili unaweza kuyachemsha mpaka asubuhi, bado yanakutazama.

Makande ni kitunguu, umeshajua. Lakini hata bila kitunguu supu ya maharage ina harufu yake, kwa hiyo yakiiva mwaga supu, yasuuze kwa maji safi mara mbili, yaache kwenye chujio nusu saa yajikaushe. Ule uji wa katikati ulitokana na maji. Watu wengi wanachuja haraka haraka halafu wanashangaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo video hazisemi. Maharage ya keki yanatakiwa yaive kupita ya mboga. Chukua punje moja, iweke ulimini, ibonyeze juu kwenye kaakaa bila kutumia meno. Ikisambaratika yote kama siagi, sawa. Ukihisi kiini kidogo kama punje ya mchanga, rudisha jikoni, hata kama ganda limeshapasuka. Kile kiini hakisagiki na blenda ya juisi, na hakiivi tena kwenye keki. Mtu akila anasema "mbona ina chenga", hajui ni nini.

Aina: mekundu ya Kigoma ni matamu kwa wali lakini yana ladha nzito, yanabishana na kokoa. Mimi natumia ya njano, haya wauzaji wengi wanayaita soya ingawa si soya. Ganda jembamba, yanalainika vizuri, hayana kelele.

Vijiko 2 vya kokoa kwa vikombe 2 vya maharage ni sawa na kuyapaka maharage poda usoni. Weka 6. Mimi napima hivi: maharage yaliyoiva na kukauka maji vikombe 2, ambavyo ni kama gramu 350; tende zilizotolewa kokwa gramu 200, zilizolowekwa maji ya moto dakika 15; kokoa vijiko 6 vya chakula; mafuta ya nazi robo kikombe; siagi ya karanga vijiko 2; unga wa oti nusu kikombe; beking pauda kijiko 1 cha chai; chumvi nusu kijiko cha chai; vanila kidogo. Chumvi usiipuuze, ndiyo inayofukuza umaharage. Kama oti ni ghali, unga wa ulezi uliokaangwa kidogo kwenye kikaango unafaa sana, tena una rangi yake ya kahawia. Kwa keki za wakubwa huwa natia vijiko 2 vya kahawa kali, sisi huku hatuwezi kujizuia, ila ya mtoto iache.

Blenda ya juisi italia. Usiitulize kwa maji. Anza na tende na mafuta mpaka ziwe kama ugoro wa maji, halafu maharage kidogo kidogo, unazima, unakwangua pembeni kwa mwiko, unawasha. Injini ikipata joto pumzika, la sivyo utanunua nyingine. Ukimaliza pitisha kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko. Maganda yatabaki juu. Hiyo hatua inachosha, lakini hapo ndipo keki inapoacha kuwa maharage.

Kuhusu kushikana: keki ya mayai inashikana motoni, hii inashikana ikipoa. Wanga wa maharage na mafuta ya nazi vinaganda taratibu. Oka dakika 30 hadi 35, mkaa mwingi juu, chini kidogo tu, kisha iache humo humo kwenye chombo mpaka ipoe kabisa, ikiwezekana ilale kwenye friji. Ukiikata ya moto utalia.

BiKibokoni (Mombasa)

Mwanangu, watu wa bara mwaniwacha hoi. Maharagwe kuwa matamu ni ajabu gani? Marehemu mamangu alikuwa akitupikia kunde kwa tui la nazi na sukari na iliki, twazila na mkate tukishafuturu, na hapana aliyesema zanuka makande. Siri ni tui na iliki. Kitu cha nazi hakimwachi kunde kunuka ukunde.

Wewe huna oveni, kwa nini wajitesa na moto wa juu na chini? Fanya vya kufinyanga. Mimi huwafanyia wajukuu kwa pojo zilizokobolewa, kwa kuwa hazina ganda la kukusumbua na zaiva upesi. Chemsha zivurugike, zikaushe motoni huku wakoroga mpaka ziwache kushika sufuria, kama wasonga. Tia kakao, tende zilizopondwa, kijiko cha tui zito lile la kwanza, iliki iliyotwangwa sasa hivi, si ya pakiti. Zikipoa finya vipira, uvigaragaze kwenye nazi kavu. Watoto hupigania. Na mtoto asiyekula yai yuwala bila hofu.

Kamau_Naks

Shikamoo Bi. Kwa wale hawajui, pojo za Bi Kibokoni ndizo ndengu.

MamaZawadi (Tabata)

Asanteni sana jamani. MpishiUru, hapo kwenye poda usoni nimecheka mpaka Zawadi kaja kuuliza. Bi mkubwa, shikamoo. Nimeipenda hiyo ya vipira, hata kama keki itanishinda niwe na kitu cha kuweka mezani. Nikitoka kazini napitia dukani.

MamaZawadi (Tabata)

Nimerudi. Nimeomba dengu kilo 1, nimepewa hizi za mviringo rangi ya mchanga, zina kidomo kama kifaranga. Zina ganda, tena gumu. Bi, ndizo hizi?

BiKibokoni (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Sizo. Hizo ni za bajia.

MpishiUru (Moshi)

Haya, Kiswahili kimetuuza. Pojo ya Mombasa ni ndengu ya Kenya bara, na hapa kwetu ni choroko. Ukitaka zilizokobolewa waombe choroko zilizoparazwa, nyingi ziko maduka ya Wahindi, zina rangi ya njano. Dengu uliyonunua ni kitu kingine.

Lakini usizirudishe! Dengu zina jambo moja kubwa kwako. Zichemshe bila chumvi, zikiiva toa dengu, yale maji yabakize kwenye sufuria na uyachemshe tena mpaka yawe mazito, yanavutika kidogo kama ute wa yai. Yaweke kwenye friji yapoe kabisa. Kisha chukua robo tatu ya kikombe, kamulia matone machache ya limau, yapige kwa mashine ya kupigia keki, na sukari laini unaitia kijiko kimoja kimoja. Dakika 10, wakati mwingine 15. Yanapanda meupe pee, yanasimama. Ni Mfaransa mmoja, Joël Roessel, aliyeonyesha watu mwaka 2014 kwamba maji yaliyochemshia dengu na jamii nyingine za kunde yanaumuka kama ute wa yai, na tangu hapo wasiokula mayai wamepumua. Huyo binti ana haki ya kupakwa krimu puani.

Angalizo: povu hilo halina subira. Lipake keki wageni wakiwa wamekaa. Likikaa saa 2 kwenye joto la Dar litaanza kutoa maji.

Kijana_Sinza

Wakuu swali la haraka. Kwa nini kuhangaika kuloweka na kuchemsha? Si unapeleka maharage makavu mashineni wanasaga unga, unatumia kama ngano?

DadaLishe

Kijana, hapana. Hilo ndilo limenifanya nifungue akaunti yangu iliyolala.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini ambayo ni sumu ya tumbo. Punje 4 au 5 zisizoiva zinatosha kumfanya mtu atapike vibaya, na huanza ndani ya saa 1 hadi 3. Inavunjwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Kuchemka, si kufukuta. Katikati ya keki nzito joto halifiki huko kwa muda wa kutosha, kwa hiyo unga wa maharage mabichi unaweza kukuletea watoto 15 wanaotapika kwenye sherehe moja. Loweka, mwaga maji, chemsha yachemke dakika 30 kwa uchache, halafu endelea mpaka yaive kwa kipimo cha ulimi cha MpishiUru. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza pia zile sukari zinazoleta gesi tumboni, na mama mwenye wageni atashukuru.

Mama Zawadi, kuhusu "kitu cha afya". Niseme wazi maana huko mitandaoni wanadanganya sana. Maharage yaliyoiva yana gramu 8 hadi 9 za protini kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi nyingi, unga mweupe wa ngano hauyafikii kwa nyuzinyuzi hata kwa mbali. Hapo umeshinda. Lakini tende, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ni tunda, lina nyuzinyuzi na madini yake, sawa, ila bibi mwenye kisukari akiambiwa "kula tu, haina sukari" ameshadanganywa. Asali vilevile. Kata vipande vidogo. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinamtosha mtoto, kwa sababu hii keki inashibisha.

Karanga: chagua mwenyewe kabla ya kusagisha. Zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au ukungu, tupa, usiwape hata kuku, hizo ndizo zenye sumukuvu. Na waulize wazazi wa watoto wageni kama kuna mwenye mzio wa karanga. Wewe unajua uchungu wake. Ukinunua chokoleti ya kuyeyusha juu, soma pakiti mpaka mwisho, nyingi za rangi nyeusi zina maziwa ndani.

Na ulifanya vizuri kutowapa kuku wa jirani ile keki ya sabuni. Kokoa ina theobromini, sisi tunaimudu, lakini kwa kuku na mbwa ni sumu.

KokoaYaKyela

Nimepita hapa nikaona kokoa inatajwa bila wenyewe kuwepo, nikasema nisalimie. Mimi ni mkulima Kyela, kokoa yetu iko chini ya migomba, baba alipanda, mimi navuna. Tunauza kwenye mnada kupitia chama cha ushirika, gunia linaondoka, na ukiuliza watoto wa kijiji chokoleti ina ladha gani, wengi wanaijua ile ya pipi ya dukani tu.

Nyumbani kwetu mke wangu anatengeneza hivi. Kokoa iliyovundikwa siku 6 kwenye sanduku, ikageuzwa, ikaanikwa kwenye chanja mpaka ukiivunja inalia ko. Anaikaanga kwenye chungu, moto mdogo, anageuza bila kuacha, kama dakika 20, mpaka maganda yanaanza kupasukapasuka na nyumba nzima inanukia mkate. Anamenya kwa vidole ikiwa bado na joto, anapepeta kwenye ungo, anatwanga kwenye kinu. Hapa kuna jambo linashangaza wageni: unatwanga kitu kikavu, ghafla kinakuwa tope. Ni mafuta yake yanatoka. Punje ya kokoa karibu nusu nzima ni mafuta. Ile poda ya kopo wameshaikamua.

Kwa hiyo Mama Zawadi, ukipata kokoa ya kutwanga kama hii, yale mafuta ya nazi robo kikombe punguza, weka vijiko 2 tu, na poda punguza nayo. Ladha yake si ya kopo. Ina uchachu kama wa ukwaju kwa mbali. Na isiyovundikwa usihangaike nayo, hata ukiikaanga vipi haitakuwa chokoleti, itabaki chungu tu. Wapo wanaoanika haraka haraka wapate hela ya ada, namuelewa mtu mwenye shida, lakini ile punje inafia hapo.

MzeeWaUgali

Nimesoma mpaka mwisho. Sijabadili msimamo, lakini nitapitia Tabata siku ya tukio.

MamaZawadi (Tabata)

Jamani mrejesho, maana wengine mnaleta shida zenu humu mkisaidiwa mnapotea.

Jumamosi iliyopita nilifanya majaribio. Maharage ya njano nusu kilo, nikaloweka Ijumaa saa 2 usiku. Asubuhi nikayapeleka kwenye mkaa. Baada ya saa moja na nusu nikaonja kwa ulimi: kiini. Nikaongeza maji ya moto. Saa 2 na dakika 10, kiini kidogo. Nilitaka kukata tamaa nikamkumbuka MpishiUru na keki zilizolipiwa. Ilipofika saa 2 na nusu punje ikayeyuka mdomoni peke yake. Sikuwahi kujua maharage yanaweza kuwa hivyo. Miaka yote hii tunakula yenye viini!

Blenda ilinuka kuungua mara moja. Nikaizima, nikaenda kufua, nikarudi. Kwenye chujio nilikaa dakika 40, mkono uliuma, yakabaki maganda kama kikombe kizima juu. Nikamwita baba Zawadi aone. Akasema, "Kumbe huwa tunakula na hayo yote?" Kosa langu safari hii lilikuwa tende, nilisahau kokwa moja ndani, blenda ikalia kama bati. Anayefanya azihesabu: tende 20, kokwa 20 mezani.

Nikaoka dakika 35, nikaifunika, nikaiacha mpaka Jumapili. Nikampa Zawadi kipande bila kumwambia ni kile kile cha makande. Akala. Akaomba kingine. Baba yake aliyapata maharage kwa mbali, anasema kama mtu aliyepita nje ya dirisha. Nadhani ni chumvi, nilitia robo kijiko badala ya nusu, kwa woga. Mara ya pili kwenye sherehe yenyewe nikaweka nusu, hakusema kitu.

Vya Bi Kibokoni ndivyo vilivyoisha kwanza. Nilitengeneza 40 kwa choroko zilizoparazwa. Bi, ulisema zikaushwe mpaka ziache sufuria, mimi nilifikiri dakika 5, ilinichukua 20 na mkono wa ugali kabisa. Iliki nilitwanga mwenyewe. Mama mmoja aliniomba namba ya "duka" nililonunua.

Krimu ya maji ya dengu: jaribio la kwanza halikupanda, maji yalikuwa mepesi bado. La pili nikayachemsha yakapungua mpaka nusu, nikayalaza kwenye friji, nikaazima mashine kwa jirani yule yule wa harufu. Yakapanda! Nilipindua bakuli juu ya kichwa cha mdogo wangu kuhakikisha, hayakumwagika. Nikapaka keki watoto wameshakaa, kama ulivyosema. Sijui nani alianza, lakini picha zote nilizonazo Zawadi ana krimu puani, kwenye nyusi na sikioni. Kikopo cha ndizi na karanga nilikuwa nimekiandaa pembeni kwa tahadhari. Hakukigusa. Na kwa sababu kuna mtoto wa darasani kwao mwenye mzio wa karanga, keki nilitengeneza bila siagi ya karanga, nikaongeza kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Ilishikana vizuri tu.

DadaLishe, vipande vilikuwa vya kiberiti. Walikula viwili viwili, sikuweza kuwazuia.

MzeeWaUgali hakuonekana, nimemwekea kipande kwenye friji.

KokoaYaKyela, naomba kilo 1 ya iliyokaangwa na kumenywa. Kutwanga nitatwanga mwenyewe, kinu ninacho. Ukishaipakia kwenye basi nitumie namba ya basi kwa ujumbe wa pembeni, mdogo wangu ataipokea Mbezi, stendi ya Magufuli.

KokoaYaKyela

Imeshaingia kwenye kikaango dada. Alhamisi jioni inaondoka.

MzeeWaUgali

Hicho kipande kikae. Nakuja Jumapili.